Mapigo Kabla ya Herufi: Muziki katika Elimu ya Awali



Ukiingia darasa la awali katika shule ya msingi ya Tanzania, au darasa la PP1 nchini Kenya, hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia wimbo. Watoto huimba wakipanga mstari, huimba wakinawa mikono, huimba wakihesabu, huimba mgeni anapoingia. Kwa hiyo sikuja kuomba muziki uruhusiwe shuleni, umo tayari. Nimekuja kuuliza tumeupa kazi gani. Kwa kawaida tumeupa kazi mbili: kuwaamsha watoto waliochoka, na kumwonyesha mgeni kwamba darasa limechangamka. Somo lenyewe, tunavyoamini, huanza wimbo unapokwisha. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kwa mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, wimbo anaoushiriki ni somo kamili, na tena ni somo linalotangulia mengine. Unamfundisha kuupanga wakati: kutarajia kinachofuata, kungoja zamu yake, kuingia panapostahili na kuacha pamoja na wenzake. Lugha inauhitaji uwezo huo, kusoma kunauhitaji, kujizuia kunauhitaji, na kuishi na watu kunauhitaji. Nitaeleza ushahidi uliopo, nitajibu pingamizi ambazo wazazi na walimu huzitoa kwa haki, kisha nitasema tunachopaswa kudai.

Tuanzie mahali mtoto anapoanzia. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito masikio ya mtoto yanafanya kazi, lakini maji ya uzazi na mwili wa mama huchuja sauti inayopita. Konsonanti nyingi hupotea njiani. Kinachomfikia ni kupanda na kushuka kwa sauti ya mama pamoja na mapigo yake. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wasiozidi siku tatu duniani. Mtoto alipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, na kwa kubadili mwendo wa kunyonya aliweza kuchagua kusikia sauti ya mama yake au ya mwanamke mwingine. Watoto walijirekebisha, wakaichagua ya mama. Kabla ya kujua neno hata moja, basi, mtoto ameshaifahamu sauti ya kwao kwa upande wake wa kimuziki. Mwaka 2009 kundi lililoongozwa na István Winkler wa Hungaria liliwachezea watoto wachanga waliolala mdundo wa ngoma, huku likipima ubongo wao kwa vinasa vilivyobandikwa kichwani. Pigo kuu la mdundo lilipoachwa kwa makusudi, ubongo uliitikia kama ulioshtuka. Mapigo madogo yalipoachwa, haukuitikia vile. Mtu hashtushwi na kukosekana kwa kitu asichokitarajia. Mtoto mchanga amekuja duniani akiwa na uwezo wa kutarajia pigo, na uwezo huo unangoja kulishwa.

Mazingira huanza kuufinyanga mapema sana. Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa Amerika Kaskazini wenye miezi 6 hutambua kosa katika midundo ya kwao na vilevile katika midundo ya nchi za Balkani, ambayo mapigo yake hayalingani urefu. Watu wazima wa hukohuko hawakuweza kulitambua kosa katika midundo hiyo ya kigeni, na watoto walipofika miezi 12 walikuwa wameshaanza kufanana na wakubwa wao. Mwaka huohuo Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Kanada waliwasikilizisha watoto wa miezi 7 mdundo usio na mkazo wowote. Wengine walirushwarushwa taratibu mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mdundo uliotiwa mkazo kwa namna lilivyorushwa. Watoto waliomtazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakuonyesha upendeleo huo. Kwa maneno mengine, mtoto mdogo husikia kwa mwili wake. Malezi yetu yamelitumia jambo hili kwa vizazi vingi: mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga, mama anapotwanga, anapopepeta au anapocheza ngoma, hulipokea pigo lilelile kwa sikio na kwa mwili kwa wakati mmoja. Akiketishwa mbele ya redio, hupata nusu ya somo.

Matunda ya mafunzo hayo huanza kuonekana katika lugha. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wapatao 400 waliokuwa na umri wa miaka 4 na 5. Wale waliokuwa wepesi kutambua maneno yenye vina kabla ya kujua kusoma ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi katika miaka iliyofuata, hata tofauti za akili zao kwa jumla zilipozingatiwa. Kikundi kidogo kilichofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake kilipata maendeleo katika kusoma, hasa mafunzo hayo yalipounganishwa na herufi. Mwaka 2016 Christina Zhao na Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle waliwapa watoto wa miezi 9 vipindi 12 vya kucheza na muziki wa mapigo matatu, wazazi wakiwasaidia kugonga na kuruka kwa mdundo. Kundi jingine lilicheza michezo ya kawaida bila muziki. Baadaye ubongo wa kundi la kwanza uliitikia kwa nguvu zaidi kasoro za mpangilio wa wakati, katika muziki na katika usemi pia. Haya yanaeleweka tukikumbuka kwamba usemi ni sauti zinazopita upesi, na anayeusikiliza lazima ajue wapi pa kukata.

Kiswahili kinamrahisishia mwalimu kazi hii kuliko Kiingereza. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno huandikwa karibu kama linavyotamkwa. Chukua watoto wanaoimba majina ya vitu huku wakipiga makofi. Ma-ji, makofi mawili. M-to-to, makofi matatu. M-tu, makofi mawili. Hapo kwenye mtu pana somo zima: herufi m inasimama peke yake, ina pigo lake, ingawa haina irabu. Lakini katika mbuzi imeungana na b, na pigo ni moja: mbu-zi. Mtoto anayekutana na tofauti hii kwa mara ya kwanza ubaoni huhangaika nayo, maana jicho linaona m ileile. Aliyekwisha kuipiga makofi mara nyingi huikuta ubaoni kama jambo analolijua. Ni uwezo uleule anaoutumia mshairi anapopima mizani 8 na 8 za mshororo, na kwa uwezo huo malenga waliotunga kwa kughani, bila kushika kalamu, hawakupoteza hesabu. Tangu mwaka 2015 Tanzania imeyaelekeza madarasa ya kwanza na ya pili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi huo ni mzuri, lakini mtoto anayefika hapo bila kujua kulikata neno kwa sikio anadaiwa kulikata kwa jicho, na hilo ni deni ambalo hakupewa nafasi ya kulilipa mapema.

Wimbo hufundisha pia kujizuia. Utazame mchezo wa nyama nyama unavyokwenda. Kiongozi anasimama mbele, anataja wanyama mmoja baada ya mwingine kwa mahadhi, na wenzake huitikia kwa kuruka iwapo nyama ya mnyama huyo huliwa. Anataja mbuzi, wanaruka. Anataja ng'ombe, wanaruka. Anataja kuku, wanaruka. Kisha, bila kubadili kasi wala sauti, anataja paka. Miguu imeshazoea kupanda, anayeruka ametoka. Mtoto anatakiwa asikie neno, alipime, aizuie misuli iliyokwisha kujiandaa, na ayafanye yote hayo kabla ya pigo linalofuata. Wanasaikolojia wanaochunguza utayari wa mtoto kuanza shule hutumia zoezi linalofanana sana na hili: mtoto huambiwa aguse vidole vya miguu kila anapoagizwa kugusa kichwa, na kichwa kila anapoagizwa kugusa vidole. Wanaomudu kuushinda mwitiko wa kwanza huwa pia ndio wanaomudu kukaa, kusikiliza na kumaliza kazi. Katika nyama nyama watoto hufanya zoezi hilo mara nyingi katika dakika chache, tena huomba wenyewe lirudiwe. Kinachoutia mchezo nguvu ni mapigo. Bila mapigo mtoto angeweza kusubiri aone wenzake wanafanya nini ndipo afuate. Mdundo haumpi nafasi hiyo, unamlazimu aamue mwenyewe na aamue sasa.

Halafu kuna kuishi na wenzake. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wakifanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, walichapisha jaribio la watoto 96 wa miaka 4 waliocheza wawili wawili. Baadhi ya jozi zilicheza kwa kuimba, kupiga ala na kutembea kwa mdundo. Nyingine zilicheza mchezo uleule, wenye hadithi ileile, bila muziki. Baadaye gololi za mtoto mmoja zilimwagika kwa mpango wa watafiti. Waliokuwa wameimba pamoja walikuwa wepesi zaidi kuacha shughuli zao na kumsaidia mwenzao. Mwaka 2014 Laura Cirelli, Kathleen Einarson na Laurel Trainor waliona dalili ileile kwa watoto wa miezi 14: waliorushwa kwa pamoja na mtu mzima aliyewaelekea walimsaidia mtu huyo kuokota vitu alivyoviangusha zaidi kuliko waliorushwa kinyume na mwendo wake. Mchezo wetu wa ukuti umejengwa juu ya jambo hili. Watoto hushikana mikono katika duara, huzunguka kwa mwendo mmoja, na wimbo unapofika kwenye neno upepo wote hutikisika pamoja. Hakuna anayeshinda. Mwenye kasi hulazimika kupunguza, mwenye kusuasua huvutwa na mikono ya jirani, na duara likikatika kila mmoja hujua limekatikia wapi. Mtoto mwenye haya, ambaye hawezi bado kusema mbele ya darasa, huingia katika duara bila kutakiwa aseme neno la peke yake.

Kabla ya hayo yote kuna malezi ya nyumbani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo tano: afya njema, lishe bora, usalama, malezi yenye mwitikio na fursa za kujifunza mapema. Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Tunapouliza malezi yenye mwitikio yanafanana na nini katika nyumba ya mzazi asiye na vitabu wala vifaa vya kuchezea, jibu mojawapo ni nyimbo za bembelezi. Mama, baba au bibi anayembembeleza mtoto humtazama, hupunguza kasi mtoto anapolegea, huongeza sauti anapolia, hunyamaza anapoguna ili ampe zamu. Ni mazungumzo kamili kabla ya maneno. Mariève Corbeil na wenzake wa Montreal walichapisha mwaka 2016 jaribio ambamo watoto wachanga walisikilizishwa wimbo katika lugha wasiyoijua na pia maneno ya kuongeleshwa watoto. Wakisikiliza wimbo walikaa watulivu kwa muda wa dakika 9 hivi kabla ya kuanza kuhangaika. Wakisikiliza maneno, zilikuwa dakika 4 hivi. Kwa mzazi aliyechoka, tofauti hiyo si ndogo, na mtoto aliyetulia ndiye anayeweza kuangalia na kujifunza.

Nimefika mahali pa kuzijibu pingamizi, na ya kwanza inatoka kwa wanasayansi wenyewe. Tumewahi kuahidiwa makubwa kuhusu muziki. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza kipande cha Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo. Faida ilidumu kama robo saa tu, na hapakuwa na mtoto hata mmoja katika jaribio lile. Hata hivyo habari zilienea kwamba Mozart huwafanya watoto wawe na akili, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, alipendekeza zitengwe dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Uchunguzi uliofuata haukuunga mkono imani hiyo. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg aliwafuatilia watoto 144 wa miaka 6 huko Toronto: waliojifunza muziki kwa mwaka mmoja walipata ongezeko kubwa kidogo kuliko wenzao katika vipimo vya akili, lakini waliojifunza maigizo ndio waliopiga hatua katika mahusiano na watu. Mwaka 2013 Samuel Mehr na wenzake wa Harvard hawakuona faida ya kutegemewa katika akili za watoto wa miaka 4 waliohudhuria vipindi vya muziki kwa wiki chache.

Ushahidi huu tuupokee kwa mikono miwili, kwa kuwa unatuambia nini tusidai. Anayemwambia mzazi kwamba wimbo utampandishia mtoto akili ya hesabu anamuuzia kitu asichonacho, na siku mzazi atakapogundua, atautupa muziki wote. Hoja niliyoileta ni finyu zaidi na kwa hiyo ni imara zaidi. Muziki hufunza kile kilichomo ndani yake: kusikia sauti kwa makini, kutarajia pigo, kungoja, kuingia, kuacha na kwenda pamoja. Penye uhusiano wa karibu na mambo hayo, kama vile kutambua silabi na kushirikiana, tunaona matunda. Penye uhusiano wa mbali, kama vile maswali ya maumbo, hatuoni. Elimu ya awali haihitaji zaidi ya hayo ili kuupa wimbo nafasi, kwa sababu mambo hayo ya karibu ndiyo hasa anayoyahitaji mtoto wa miaka minne.

Pingamizi ya pili ni ya mzazi anayelipa ada au anayengoja matokeo: mtoto ameenda shule kusoma, muda wa kuimba ni muda uliopotea. Namheshimu mzazi huyo, kwa sababu wasiwasi wake unatokana na mapenzi. Ila namwomba aangalie mambo yanavyofuatana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali nchini Tanzania kuwa wa lazima, na Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 ukataja stadi za kisanii miongoni mwa umahiri ambao mtoto anapaswa kuujenga. Kenya nayo imeweka shughuli za ubunifu na za viungo katika PP1 na PP2. Walioandaa mitaala hiyo hawakuwa wakigawa muda wa mapumziko. Mtoto anayelazimishwa kuandika herufi kabla vidole na masikio yake havijawa tayari huandika, ni kweli, lakini huandika umbo asilolisikia. Dakika 20 za kupiga silabi kwa makofi, kuzitembea kwa miguu na kuziitikia kwa zamu ni dakika 20 za kusoma kwa njia anayoimudu. Kosa ni kuuacha wimbo ukae mbali na herufi. Bradley na Bryant walionyesha kwamba sikio na herufi vikikutanishwa ndipo faida inapokuwa kubwa.

Pingamizi ya tatu inasikika zaidi mijini: nyimbo ziko tele kwenye simu na runinga, tena zimepigwa vizuri kuliko mwalimu anavyoweza kuimba. Nimekwisha kutaja kwamba wimbo huweza kumtuliza mtoto, na katika jaribio la Montreal wimbo ulikuwa wa kurekodiwa. Kutuliza ni jambo moja, kufundisha ni jingine. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wenye miezi 9 vipindi 12 vya Kichina. Waliofundishwa na mtu aliyekaa nao walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliopewa mtu yuleyule kwa video, au sauti yake peke yake, hawakujifunza. Video haimngoji mtoto. Haijui kwamba amechelewa kuitikia, haipunguzi kasi, haimtazami anapokosea, haimpi zamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha simu au runinga kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Sauti ya bibi iliyopasuka kidogo, inayoitikia, ina thamani kubwa kwa mtoto kuliko studio nzima isiyomsikia.

Pingamizi ya nne ni ya kiimani, na haifai kupuuzwa katika pwani yetu. Wapo wazazi Waislamu wasiopenda ala za muziki, na wana haki ya kusikilizwa. Lakini jambo ninalolitetea halihitaji ala. Linahitaji sauti ya mwanadamu, makofi, hatua na zamu. Utamaduni wa Kiislamu wa pwani una hazina kubwa ya kughani kwa pamoja: kasida zinazoimbwa na watoto wa madrasa, maulidi ya Lamu, maulidi ya homu ya Zanzibar ambamo waghani hupiga magoti kwa safu na kuyumba kwa mwendo mmoja. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan na kufika baadaye Zanzibar na Uganda, uliunganisha mafunzo ya dini na kujifunza kwa michezo, hadithi na nyimbo za mahali. Mpango ule ulikubalika kwa sababu jamii ilishirikishwa katika kuchagua kinachoimbwa. Hapo pana funzo kwa serikali na mashirika: mzazi akiulizwa, wimbo huacha kuwa tishio.

Imebaki pingamizi nzito kuliko zote, ile ya mwalimu mwenyewe. Ana watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, hana ngoma wala marimba, na anasema hajui kuimba. Kuhusu idadi, mwalimu ana haki ya kulalamika na sisi tunapaswa kulalamika naye; hakuna wimbo unaoweza kuziba pengo la walimu. Hata hivyo, kati ya shughuli zote za darasa la awali, kiongozi na kiitikio ndiyo inayoweza kumhusisha kila mtoto katika darasa kubwa kwa wakati mmoja. Kalamu za rangi kumi hazitoshi watoto mia, makofi yanatosha. Kuhusu vifaa, Zoltán Kodály wa Hungaria, ambaye shule ya mfano ya muziki kwa njia yake ilianza Kecskemét mwaka 1950, alisisitiza kwamba ala ya kwanza ni koo la mtoto na kitabu cha kwanza ni nyimbo za watu wake. Kayamba la mabua na chupa yenye kokoto vinaongeza raha, havibebi somo. Kuhusu kutojua kuimba, John Blacking, aliyeishi na Wavenda wa Afrika Kusini kati ya 1956 na 1958 na kuandika kitabu kizima juu ya nyimbo za watoto wao, alikuta jamii inayochukulia kwamba kila binadamu wa kawaida ana uwezo wa muziki. Wazo kwamba kuimba ni kwa wenye kipaji peke yao ni la ukumbini, pale ambapo wachache huimba na wengi hukaa kimya. Darasa la awali si ukumbi. Mwalimu anayeshika pigo lake na kuwatazama watoto anatosha.

Nimeutetea wimbo, lakini sitetei kila wimbo. Darasa linalopayuka kwa sauti za juu huku kila mtoto akifuata mwenzake halijifunzi kusikia. Wimbo wa alfabeti unaokaririwa mfululizo bila mtoto kujua ni wapi herufi moja inaishia na nyingine inaanzia hufundisha mahadhi tu. Katika shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza watoto huimba juu ya mvua na madaraja ya London kwa maneno wasiyoyaelewa na mkazo usiolingana na lugha wanayoongea nyumbani. Lugha ya pili ina nafasi yake, lakini haipaswi kuifukuza ya kwanza kabla haijakomaa. Wimbo unaofundisha una alama zake: una zamu, una mahali pa kunyamaza, unaweza kupunguzwa kasi, unachukua jina la mtoto au kitu kilichopo mbele yake, na unaacha nafasi ambapo mtoto mmoja anaweza kuongoza. Mwalimu anayezijua alama hizi anaweza kuuchukua wimbo wowote wa mtaani akaufanya somo. Asiyezijua, hata akipewa nyimbo mia, ataziimba zote kwa namna moja.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Vyuo vya ualimu viwafundishe walimu wa awali namna ya kuongoza wimbo wenye zamu, na vilipime jambo hilo darasani, mwanachuo akiwa mbele ya watoto, badala ya kuliachia mtihani wa karatasi. Taasisi zenye ujuzi, kama vile TaSUBa ya Bagamoyo na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar, zikaribishwe katika kazi hiyo. Nyimbo za michezo na bembelezi zikusanywe kwa Kiswahili na kwa lugha za jamii zetu, wilaya kwa wilaya, zikiwa na maelezo ya mwendo na mchezo wake, maana maneno matupu yaliyochapwa kitabuni hayamwambii mwalimu wapi pa kuruka. Tamasha la muziki la shule nchini Kenya, lililoanza mwaka 1927, na mashindano mengine ya namna hiyo yameilea sanaa kwa muda mrefu. Katika ngazi ya awali, hata hivyo, kipimo kiwe ni watoto wangapi wa darasa wanashiriki kila siku, wala si wachache waliochujwa wanavyopendeza jukwaani. Na wazazi waambiwe kliniki, misikitini na makanisani, kwa lugha nyepesi, kwamba kumwimbia mtoto na kumngoja aitikie ni kazi ya malezi yenye uzito kama ya kumlisha na kumpeleka chanjo kwa wakati.

Mkaguzi anapofika darasa la awali huomba kuona madaftari. Naomba tangu sasa aombe pia kuwaona watoto wakiimba kwa dakika kumi, na aangalie mambo matatu: kama kila mtoto anashiriki, kama wanaweza kunyamaza kwa pamoja panapotakiwa, na kama mtoto aliye nyuma kabisa amewahi kupewa nafasi ya kuongoza. Akiyakuta matatu hayo, atakuwa ameona watoto walio tayari kufundishwa kusoma. Asipoyakuta, madaftari yaliyojaa herufi nzuri yasimridhishe.